Faru mweusi wa Afrika Magharibi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutoweka kwake

Je, ni kweli faru mweusi ametoweka duniani?

Hapana. Tunaanza na swali hili kwa sababu ndipo wengi wanapochanganya mambo. Faru mweusi kama spishi bado yupo. Wamebaki zaidi ya 6,000, wengi wao wakiwa Afrika Kusini, Namibia, Kenya na Zimbabwe. Aliyetoweka ni nususpishi yake moja, yaani kundi dogo ndani ya spishi: faru mweusi wa Afrika Magharibi, ambaye kitaalamu huitwa *Diceros bicornis longipes*. Huyo hayupo porini wala kwenye bustani yoyote ya wanyama. Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili (IUCN) lilitangaza hivyo rasmi Novemba 2011.

Mbona habari hii nimeiona juzi tu, tena kama jambo jipya?

Kwa sababu watu hawaachi kuiokota upya. Mwaka 2013 vyombo vikubwa vya habari viliitoa tena kana kwamba imetokea wiki ile, na tangu hapo huibuka kila baada ya muda, mara nyingi ikiwa na picha isiyohusika. Shika miaka mitatu tu. Mwaka 2001 bado kulikuwa na watu walioamini kwamba faru watano hivi wapo hai. Mwaka 2006 ulifanyika msako mkubwa na haukumpata hata mmoja. Mwaka 2011 likaja tangazo. Kwa hiyo lile tangazo lilikuwa kama cheti cha kifo kilichochelewa. Mnyama mwenyewe alishakwisha miaka kadhaa nyuma.

Alikuwa akiishi wapi?

Katika ukanda wa savana ulio kusini mwa Sahara: kaskazini mwa Kamerun, kusini mwa Chad, na kuendelea mashariki kupitia Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ngome yake ya mwisho ilikuwa kaskazini mwa Kamerun, eneo lenye hifadhi tatu za taifa, Faro, Bénoué na Bouba Ndjida, na katikati yake vitalu vya uwindaji.

Alikuwa na tofauti gani na faru weusi wengine?

Kwa macho ya mtu wa kawaida, hakuna. Alikuwa na pembe mbili, uzito wa kati ya kilo 800 na 1,400 au karibu na hapo, macho hafifu, pua kali na mdomo wa juu uliochongoka kwa ajili ya kushika vijiti na majani. Mtaalamu wa Kijerumani Ludwig Zukowsky ndiye aliyempa jina lake la kisayansi mwaka 1949, kwa kuangalia mifupa ya miguu, meno na umbo la fuvu. Kitako cha pembe yake kilielekea kuwa na umbo la mraba kuliko duara, na hayo ni mambo ya kupimwa mezani, si ya kuonwa ukiwa umekaa ndani ya gari.

Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi kuhusu idadi ya nususpishi za faru mweusi na mipaka yake. Ubishi huo ni halali, ila usikufanye uone kilichopotea ni kidogo. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2017, uliotumia pia vielelezo vya kale vilivyohifadhiwa makumbusho, uligundua kwamba faru weusi kwa ujumla wamepoteza asilimia 69 ya aina za vinasaba vya mitokondria (vile vinavyorithiwa kwa mama) walizokuwa nazo zamani. Ukiondoa wa magharibi, wa kaskazini mashariki na wengineo, unabaki na spishi ileile yenye akiba ndogo zaidi ya kukabiliana na maradhi na mabadiliko ya mazingira.

Si alikuwa akilindwa kisheria? Ilikuwaje akaisha?

Alilindwa, na ulinzi ulisaidia kwa muda. Mwanzoni mwa karne ya 20 faru walipigwa risasi kwa starehe na kwa kutafuta nyara za kutundika ukutani, huku kilimo kikimega makazi yao. Hatua za kuwalinda zilipoanza kuchukuliwa miaka ya 1930, idadi yao ilipanda. Usimamizi ulipolegea, ikaanza kuteremka tena, na safari hii hapakuwa na wa kuizuia.

Kilichowakumba hakikuwa cha Kamerun peke yake. Kati ya 1960 na 1995 ujangili uliangamiza karibu asilimia 98 ya faru weusi wote wa Afrika. Mwaka 1970 walikadiriwa kuwa 65,000. Kufikia 1995 walikuwa kama 2,400. Kenya, iliyokuwa na faru 20,000 hivi mwaka 1970, ilibaki na pungufu ya 400 mwishoni mwa miaka ya 1980. Lakini hao 400 walitosha kuanzia upya. Walikusanywa katika maeneo yenye uzio na walinzi, kama Solio, Ngulia na Ziwa Nakuru, wakazaliana, na leo Kenya ina faru weusi karibu 1,000.

Upande wa magharibi mambo yalikuwa mengine. Chad ilikuwa vitani sehemu kubwa ya miaka ya 1970 na 1980, na bunduki za kivita zilivuka mipaka kama bidhaa nyingine yoyote. Jamhuri ya Afrika ya Kati, iliyokuwa na faru weusi wengi kuliko majirani zake hao wawili, iliwamaliza karibu wote ndani ya muongo mmoja. Kamerun yenyewe haikuwa vitani, ila mfuko ulitoboka. Bei za mafuta, kakao na kahawa zilianguka nusu ya pili ya miaka ya 1980. Mwaka 1993 serikali ilipunguza mishahara ya watumishi wa umma mara mbili katika mwaka mmoja, kisha Januari 1994 faranga ya CFA, sarafu ya nchi hiyo, ikashushwa thamani kwa nusu. Maafisa wa wanyamapori nao ni watumishi wa umma. Mtu ambaye mshahara wake umekatwa hivyo, hana gari wala redio ya mawasiliano, humtegemei akae porini wiki mbili akipambana na watu wenye bunduki nzito kuliko yake.

Sasa linganisha na hesabu. Mwaka 1980 Kamerun ilikadiriwa kuwa na faru 110, na Chad 25. Mwaka 1991 Kamerun ilibaki na 50 hivi. Mwaka uliofuata, 35. Mwaka 1997, 10. Mwaka 2001, watano, na hao nao baadhi yao walitajwa kwa mashaka. Hii ndiyo sehemu inayoniudhi kuliko zote. Si kwamba huyu mnyama alitoweka gizani bila mtu kujua. Alihesabiwa ngazi baada ya ngazi mpaka sifuri, na kila hesabu iliandikiwa ripoti.

Kwani pembe ya faru ina nini cha ajabu?

Haina. Ni keratini, kitu kilekile kinachounda kucha na nywele, isipokuwa imeshikamana ikawa ngumu. Thamani yake imetokana na soko tu. Katika tiba za asili za Kichina pembe ilisagwa na kutumiwa hasa kushusha homa. Ile dhana kwamba Waasia huitafuta kwa ajili ya nguvu za kiume imetiwa chumvi sana. Yemen iliitumia kutengeneza mipini ya jambia, na miaka ya 1970 fedha za mafuta zilipomiminika katika eneo la Ghuba, vijana wengi wa Kiyemeni waliokwenda kufanya kazi huko walirudi na uwezo wa kununua kitu ambacho zamani kilikuwa cha wakubwa.

CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za faru wote mwaka 1977. China iliifunga biashara ya ndani mwaka 1993 na kuiondoa pembe katika orodha yake rasmi ya dawa. Ukirudi kwenye hesabu za hapo juu utaona wakati huo Kamerun ilikuwa imebakiwa na faru wangapi.

Kwa nini wale kumi wa mwisho hawakukusanywa wakawekwa mahali pamoja?

Wazo lilikuwepo. Wataalamu walilijadili miaka ya 1990, na lilikwama kwa sababu kadhaa ambazo kila moja peke yake ingeweza kutatuliwa.

Ya kwanza ni umbali. Faru hao hawakuwa kundi. Walitawanyika mmojammoja na wachache wachache, kiasi kwamba dume na jike wangeweza kuishi miaka bila kukutana. Faru mweusi kwa desturi ni mnyama wa peke yake. Humjua jirani yake kwa harufu ya kinyesi na mkojo aliouacha njiani. Jirani akitoweka, mawasiliano hayo hukatika. Tena uzazi wao ni wa polepole: jike hubeba mimba miezi 15 hadi 16, huzaa ndama mmoja, na hupita miaka miwili na nusu au mitatu kabla hajazaa mwingine. Kwa wanyama waliotawanyika namna ile, hata ujangili ukikoma leo, idadi haiwezi kupanda kesho.

Ya pili ni fedha. Kumsaka faru mmoja mwitu katika eneo lisilo na barabara, kumdunga sindano ya usingizi, kumpakia na kumhamisha, kunahitaji helikopta, madaktari wa mifugo na malori. Halafu huko unakompeleka pawe na uzio, na uzio uwe na walinzi wanaolipwa kila mwezi kwa miaka mingi. Wafadhili waliitazama gharama hiyo, wakatazama na hali ya utawala na rushwa, wakasita.

Ya tatu ndiyo ngumu. Kwa kawaida hupendekezwa kuanza na faru wasiopungua 20 wasio na undugu ili kizazi kisidhoofike. Hapa walikuwa kumi, na hakuna aliyekuwa na uhakika wangapi ni majike wenye uwezo wa kuzaa. Ikaonekana heri fedha hizo ziende kwa faru wenye nafasi ya kupona. Kwa hesabu za kitaalamu siwezi kusema walikosea. Ila mwaka 1980, walipokuwa zaidi ya 100, hesabu hizohizo zingetoa jibu tofauti kabisa, na wakati huo hakuna aliyezipiga.

Ilithibitishwaje kwamba hayupo tena?

Mwaka 2006 watafiti Isabelle na Jean-François Lagrot waliongoza msako kaskazini mwa Kamerun. Kwa miezi sita timu zao zilitembea doria za jumla ya kilomita 2,500 hivi.

Katika msako wa namna hii hutarajii kumwona faru mwenyewe. Unatafuta alama zake. Unyayo wake una vidole vitatu. Ana mahali maalumu pa kwenda haja, hurudi hapohapo, na baada ya kumaliza hukitawanya kinyesi kwa miguu ya nyuma, mpaka ardhi inabaki na mikwaruzo. Lakini ushahidi mzuri kuliko wote uko ndani ya kinyesi chenyewe. Faru mweusi hula vijiti, na meno yake ya nyuma huvikata kwa mshazari wa nyuzi kama 45, sehemu iliyokatwa ikawa safi kama imepita mkasi wa bustani. Tembo naye hula matawi, ila yeye huyasaga na kuyachanachana; kinyesi chake kina nyuzinyuzi tu. Kwa hiyo mfuatiliaji huchuchumaa, hukivunja kinyesi mkononi na kutazama ncha za vijiti. Kaskazini mwa Kamerun hapakupatikana chochote cha kuthibitisha kwamba faru yupo.

Tena ikafichuka aibu. Miaka iliyotangulia kulikuwa na ripoti za nyayo zilizowapa watu matumaini kwamba huenda faru wamebaki hata zaidi ya ilivyodhaniwa. Baadhi ya nyayo hizo zilikuwa za kughushi. Wafuatiliaji walizitengeneza kwa kuhofia kwamba faru wakitangazwa hawapo, mradi utafungwa na wao watakosa kazi. Ni rahisi kuwalaani. Binafsi nashangaa zaidi kwamba ripoti hizo ziliaminika kwa muda wote huo bila mtu kudai picha au kinyesi.

Haiwezekani kwamba yupo mmoja amejificha mahali?

Faru si panya. Mnyama wa tani nzima, mwenye kurudi mahali palepale pa kwenda haja na kunywa maji kwenye mito ileile kiangazi kizima, hawezi kuwakwepa wafugaji, wawindaji na majangili kwa zaidi ya miaka 20. Na hata kama angekuwepo mmoja, mmoja hazai.

Je, wangekatwa pembe mapema, wangepona?

Kukata pembe hakumuumizi faru akiwa amelazwa usingizi na msumeno ukapita bila kuigusa sehemu iliyo hai. Huota tena kama kucha. Namibia ilianza njia hii mwaka 1989. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 kuhusu hifadhi zinazozunguka Kruger, Afrika Kusini, ulionyesha kwamba ujangili ulishuka kwa asilimia 78 pale faru walipokatwa pembe. Lakini hizo ni hifadhi zenye walinzi. Hwange, Zimbabwe, mwanzoni mwa miaka ya 1990, faru waliokwisha kukatwa pembe waliuawa vilevile ulinzi ulipopungua, kwa sababu kile kisiki kinachobaki nacho kinauzika. Kaskazini mwa Kamerun ya miaka ile, bila walinzi, sioni kwa nini matokeo yangekuwa tofauti.

Yule faru aliyekufa Kenya mwaka 2018 si ndiye wa mwisho wa aina hii?

Siye. Huyo alikuwa Sudan, faru *mweupe* wa kaskazini, spishi nyingine kabisa. Alikufa tarehe 19 Machi 2018 katika hifadhi ya Ol Pejeta akiwa na miaka 45, akiwa dume wa mwisho wa nususpishi yake. Wamebaki majike wawili, Najin na binti yake Fatu, na hakuna kati yao anayeweza kubeba mimba. Hata hivyo mayai ya Fatu yamekuwa yakichukuliwa na kurutubishwa maabara kwa mbegu zilizogandishwa za madume waliokufa, na viinitete zaidi ya 30 vimehifadhiwa. Mpango ni kuvipandikiza kwa majike wa faru weupe wa kusini. Januari 2024 wanasayansi walitangaza kwamba jaribio la kwanza la kupandikiza, lililotumia kiinitete cha faru wa kusini, lilishika mimba. Jike aliyeibeba alikufa kwa maambukizi ya bakteria mimba ikiwa na siku 70.

Watu pia hukichanganya kifo cha faru wa magharibi na cha faru wa Java wa Vietnam. Huyo wa mwisho alikutwa amekufa mwaka 2010 katika Hifadhi ya Taifa ya Cat Tien, ana risasi mguuni na pembe imekatwa. Habari zake zilitangazwa Oktoba 2011, wiki chache tu kabla ya tangazo la IUCN, na ndiyo maana makala nyingi za wakati ule ziliwataja pamoja.

Basi na huyu wa magharibi afufuliwe kwa maabara kama wanavyojaribu kwa faru mweupe.

Tofauti ni kwamba faru mweupe wa kaskazini aliacha seli hai, mbegu zilizogandishwa na majike wawili wanaopumua. Wa magharibi hakuwahi kuwa na kundi lililofugwa popote. Kilichopo ni mafuvu, mifupa na ngozi kavu za makumbusho. Humo unaweza kupata vinasaba vilivyokatikakatika vya kusomwa, na ni vya thamani kwa utafiti, lakini huwezi kupata kiinitete.

Nimesikia faru weusi wamerudishwa Chad. Si ni haohao?

Wamerudishwa kweli, ila si hao. Mei 2018 faru weusi sita walisafirishwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini hadi Hifadhi ya Taifa ya Zakouma, kusini mashariki mwa Chad. Ni wa nususpishi ya kusini. Ndani ya miezi michache wanne walikufa, na si kwa risasi: uchunguzi ulionyesha miili yao haikuwa na akiba ya mafuta, yaani walishindwa kuzoea malisho mapya. Wawili walistahimili, na Desemba 2023 wakaongezewa wenzao watano.

Kuna wanaouona mradi huo kama udanganyifu, kuziba pengo kwa mnyama asiye wa pale. Mimi naona una maana. Vichaka vya Zakouma vililiwa na faru kwa maelfu ya miaka, na kazi hiyo hakuna mnyama mwingine anayeifanya vilevile. Lakini vifo vya wale wanne vinajibu swali la wale wanaouliza kwa nini tuhangaike na nususpishi wakati "faru ni faru". Waliozaliwa kusini walifika mahali ambapo wenyeji wao walinenepa kwa vizazi na vizazi, wakafa kwa kukonda.

Nitajuaje kama picha inayosambazwa ni ya faru huyu?

Tazama mdomo. Ukiwa mpana na bapa kama wa mnyama anayefyeka nyasi, huyo ni faru mweupe, na kama amezungukwa na askari wenye bunduki basi huenda ni Sudan. Ukiwa umechongoka, ni faru mweusi, lakini picha ikiwa ya rangi, kali na ya karibu, karibu kwa hakika imepigwa Kenya, Tanzania, Namibia au Afrika Kusini. Picha za faru wa magharibi akiwa hai porini ni adimu mno.